Dalali Barazani

Katika mtaa wa al-Dirah, kwenye kitovu cha Riyadh ya zamani, karibu na ngome ya udongo ya Masmak ambayo Abdulaziz ibn Saud aliiteka mwaka 1902, lipo soko la al-Zal, na ndani ya soko hilo hufanyika mnada wa vitu vya kale ambao wenyeji huuita haraj. Dalali hulinyanyua dele la shaba lililoungua kitako, hulipitisha mbele ya nyuso za watu, hutaja bei ya kuanzia, huiacha bei hiyo ipande kwa vinywa vya wengine, kisha hulikabidhi dele kwa mzee ambaye hana nia yoyote ya kununua, bali ataligeuza, atalichungulia ndani, atautafuta muhuri wa mfua shaba, na atalirudisha pamoja na maneno mawili matatu juu ya mji ambako mdomo wa namna ile hufuliwa. Wengi wa wanaouzunguka mduara huo ni watu wa aina ya mzee yule. Huja kwa sababu wanavipenda vitu hivyo, majambia na taa za mafuta, mazulia yaliyochakaa, redio za mbao, majoho yaliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu, na wangekuja hata kama hakuna ambacho kingenunuliwa siku hiyo. Hata hivyo hakuna anayekereka kwamba katikati ya mapenzi hayo amesimama mtu anayepaza sauti ili auze. Jambo hili linafaa kutafakariwa, kwa kuwa watu haohao, usiku wakisharudi majumbani na kufungua simu zao, huweza kugombana vibaya kwa sababu ya tangazo moja dogo lililotumwa mahali ambapo walikuwa wakizungumza habari za madele.

Uraibu, kwa maana ya shughuli ambayo mtu huifanya kwa kuipenda na si kwa kutafuta ujira, huwakutanisha watu ambao pengine wasingekaa jamvi moja maisha yao yote. Riyadh na Jeddah zimejaa mikusanyiko ya namna hii: wafugaji wa kozi, yaani ndege wa kuwindia, wapenzi wa kahawa wanaobishana juu ya kiasi cha kuikaanga, wapiga picha wanaoiwahi milango ya mbao ya al-Balad, mji wa kale wa Jeddah, kabla jua halijawa kali, wapiga mbizi wa Bahari ya Shamu, wakusanyaji wa udi na manukato, madereva wa magari ya jangwani wanaokutana Thumamah mwisho wa wiki. Zamani mikusanyiko hiyo ilikuwa na zulia, kuta na mwenyeji. Leo sehemu yake kubwa imehamia kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, ambako mwenyeji huitwa msimamizi, au admini kama wengi wanavyosema, naye ni mtu asiyelipwa chochote, ambaye hulaumiwa akimtoa mtu na hulaumiwa zaidi asipomtoa.

Kuharibika kwa kundi la namna hii hakuanzi kwa uovu, bali huanza kwa mjuzi. Mtu anayeufahamu udi kuliko wenzake hujibu maswali kwa subira, hueleza tofauti ya udi wa Assam na ule wa Kambodia, huwaonya wachanga dhidi ya vipande vilivyotiwa rangi na kuongezwa uzito, nao humshukuru. Siku moja hutaja kwamba ana duka, na hakuna anayeona ubaya, kwani nani asingependa kununua kwa mtu aliyemfundisha? Baadaye kila jibu lake huishia dukani. Muuzaji wa pili, ambaye alikuwa amenyamaza kwa heshima, huona kwamba heshima yake inamla, naye huanza. Wa tatu haombi tena ruhusa. Wanaoondoka mwanzo huwa si wale wanaolalamika. Ni wale wajuao sana, ambao huacha kuandika bila kuaga, kwa sababu wamegundua kwamba sifa wanayoitoa kwa kitu wanachokipenda haisikiki tena kama sifa. Mmoja wao akisema kwamba udi fulani huacha utamu wa tunda baada ya moshi kutulia, wasomaji hujiuliza anao kilo ngapi ghalani. Hasara halisi imo humo, na ni kubwa kuliko kero ya kusoma matangazo yasiyotakiwa, maana tangazo likizoeleka huingia ndani ya maneno ya wasiouza chochote na kuyapunguzia thamani, mpaka inafika siku ambapo kundi zima la wapenzi wa jambo halina hata mtu mmoja anayeweza kulisifu jambo hilo akaaminiwa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga wa pwani, na wasimamizi wengi wameigeuza methali hiyo kuwa sheria: anayejitangaza amejishuhudia mwenyewe kuwa bidhaa yake haifai. Lakini dele jema la al-Zal nalo hutembezwa, tena hutembezwa mbele ya watu wanaojua, na bei yake hupanda kwa sababu limetembezwa. Methali inasema kweli ya mtu mwenye duka lililo njiani, ambaye majirani humpita kila siku wakienda kuswali, na kwake kunyamaza ni adabu isiyomgharimu kitu. Asiye na kibaraza cha kuegemea, kwa upande wake, akinyamaza hulala njaa. Wahenga waliijua hali hiyo pia, ila hawakuitungia methali tamu kiasi hicho.

Kisa kimoja cha Hijazi, nchi ambayo Jeddah ni bandari yake, kinafika karibu zaidi na kiini cha jambo hili. Kimo katika Kitab al-Aghani, mkusanyo mkubwa wa habari za nyimbo na waimbaji ulioandikwa na Abu al-Faraj al-Isfahani katika karne ya 10. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara wa Kufa alifika Madina na shehena ya mitandio ya rangi mbalimbali, ikanunuliwa yote isipokuwa myeusi, naye akamlilia rafiki yake al-Darimi, mshairi ambaye wakati huo alikuwa ameacha ushairi na kujitenga kwa ibada. Al-Darimi alitunga beti chache juu ya mrembo wa mtandio mweusi aliyemvuruga mcha Mungu mlangoni pa msikiti, beti zikatiwa sauti na kuimbwa, na habari zikaenea mjini kwamba al-Darimi ameuacha uchaji kwa sababu ya mwanamke. Hakubaki Madina mpenda mitindo asiyenunua mtandio mweusi, na shehena ilipokwisha, mshairi akarudi msikitini kwake. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, na wengi hukiita tangazo la kwanza la biashara katika historia ya Waarabu.

Kinastahili kusomwa pia bila kicheko. Kitambaa hakikusifiwa kwa uongo: kilikuwa cheusi kweli, na huenda kilipendeza kweli. Wanawake wa Madina hawakupunjwa kipimo wala hawakuuziwa kilichochanika. Kilichofichwa kwao ni sababu ya kusifiwa kwa kitu, na kufichwa huko kulitosha kuubadilisha wimbo wote, kwa kuwa walidhani wanasikiliza maungamo ya moyo, kumbe walikuwa wamekwisha kuingizwa dukani. Mtu anaweza kukisamehe kisa hicho kwa ajili ya ustadi wake, na kwa ajili ya rafiki aliyekuwa taabuni, lakini ni vigumu kufikiri kwamba yeyote aliyenunua mtandio ule aliusikiliza wimbo uliofuata kwa masikio yaleyale.

Kujisifu hadharani, kwa upande mwingine, hakukuwa aibu kwa Waarabu wa kale. Katika Okaz, soko la msimu lililokuwa karibu na Taif, bidhaa ziliuzwa na washairi walijitapa, wao na makabila yao, katika msimu mmoja na uwanja mmoja, na majigambo hayo yalikuwa fani kamili ya ushairi. Mapokeo yanamtaja al-Nabigha al-Dhubyani akiketi katika hema la ngozi nyekundu na kutoa hukumu kati ya waliosoma. Kila aliyejisifu alijua kwamba atafuatwa na mshindani, na kila msikilizaji alijua kwamba anayesikika anajipigia debe. Waswahili, ambao washairi wao wamejibizana kwa karne nyingi na kujitapa bila haya, hawahitaji kuelezwa kwamba majigambo yaliyo wazi hayamdanganyi mtu. Yanachangamsha, yanachosha, pengine yanachekesha, lakini hayamwibii msikilizaji haki ya kujua anasikiliza nini.

Fikihi ya biashara, yaani elimu ya sheria za Kiislamu zinazohusu kuuza na kununua, ilichora mipaka yake mahali palepale ambapo msimamizi wa kundi la waraibu angependa kuichora. Hadithi zimekataza kuuza na kununua ndani ya msikiti, na hata kumtangaza humo mnyama aliyepotea, lakini soko la Madina lilikuwepo kando, na waumini walewale walivuka kutoka huku kwenda kule kila siku bila kuiona biashara kuwa najisi. Kilichotengwa ni mahali na wakati, wala mtu hakutengwa. Mnadani kwenyewe kulikatazwa najashi, ambayo ni hila ya mtu kupandisha bei hali hana nia ya kununua, ili mwingine adhani kwamba kitu kinagombewa, na hila hiyo haijafa, kwa kuwa wanachama watano wanaojitokeza ghafla usiku mmoja kuisifu lenzi ya kamera ya mwenzao, huku wawili kati yao wakiwa ni yeye mwenyewe kwa majina mengine, wanafanya najashi kamili. Ipo tena Hadithi mashuhuri ya lundo la nafaka, ambamo Mtume alitia mkono wake ndani ya lundo sokoni akakuta unyevu chini, na muuzaji alipojitetea kwamba ni mvua, akaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Karipio lililofuata, kwamba mdanganyifu si mwenzetu, lilielekezwa kwenye kuficha. Nafaka iliyolowa haikuambiwa kuwa haina mnunuzi.

Ni rahisi, baada ya kusema hayo, kutamani baraza safi kabisa, lisilo na harufu ya fedha. Jeddah ina jumba ambalo humshawishi mtu kuamini kwamba baraza la namna hiyo liliwahi kuwepo: jumba la Nasseef, katika mji wa kale wa al-Balad ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Muhammad Nasseef, aliyefariki mwaka 1971, alikusanya humo maelfu ya vitabu, akawafungulia wasomaji na wageni milango yake, na mkusanyo huo baadaye ukaenda Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz. Hapo palikaliwa kwa mapenzi ya vitabu. Lakini Nasseef alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara, jumba lenyewe lilisimama juu ya mali ya bandari, na hakuna maktaba duniani isiyo na muuza vitabu nyuma yake. Uraibu usio na wauzaji hukauka: mfugaji wa kozi anahitaji anayeuza ndege, mpiga mbizi anahitaji anayejaza mitungi, mpenzi wa udi hawezi kupanda mti wa Assam uani kwake. Anayetaka kuwafukuza wauzaji wote barazani hajafikiri vitu vyake vilitoka wapi.

Dola ya Saudia imejaribu kulitatua jambo hili kwa kanuni zake, na kanuni hizo zinaonyesha mahali inapoiona hatari. Sheria ya biashara ya mtandaoni ya mwaka 2019 iliyapiga marufuku matangazo yenye madai ya kupotosha, na kuanzia Oktoba 2022 raia anayetangaza bidhaa kwenye kurasa zake binafsi alitakiwa kuwa na leseni iitwayo Mawthooq, maana yake anayeaminika, kwa ada ya riyali 15,000 kwa miaka mitatu. Al-Darimi angelazimika kupanga foleni. Hata ngamia hawakusalimika na uangalizi: katika mashindano ya urembo wa ngamia ya Tamasha la Mfalme Abdulaziz, yanayofanyika jangwani kaskazini mashariki mwa Riyadh, ngamia 12 waliondolewa mwaka 2018 kwa kuchomwa sindano za Botox, na mwaka 2021 wakaondolewa zaidi ya 40 kwa hila za aina hiyo na nyinginezo, kama vile midomo iliyovimbishwa ili ionekane imejaa. Wamiliki hao nao walikuwa waraibu, na zawadi ilipokuwa kubwa mno, mapenzi yao kwa ngamia yakaanza kumdhuru ngamia.

Uzito wa jambo huzidi likihamishiwa kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Riyadh na Jeddah, wengi wao wakiwa madereva, walinzi na wafanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, ambao kwao kundi la simu ni baraza, ni tanga la msiba, ni ukumbi wa harusi na ni kijiwe cha mpira kwa wakati mmoja. Kundi lililoanzishwa kwa ajili ya mapishi ya nyumbani, au taarabu, au ligi ya Uingereza, haliwezi kukaa muda mrefu bila kuingiwa na matangazo ya kusafirisha mizigo, ya madera na vitenge, ya unga wa sembe, ya sambusa za siku ya mapumziko. Admini hukasirika, na hasira yake ina msingi, kwa kuwa katika msongamano huo hupenya pia matapeli wanaoahidi vibali na kubadilishiwa mwajiri, na mwanamke aliyejifungia chumbani na simu yake usiku hana namna ya kuwatofautisha. Yapo hata ya sheria: mwaka 2022 mamlaka ya vyombo vya habari ilitangaza kwamba mgeni asiye na leseni ya kibiashara haruhusiwi kutangaza bidhaa kwenye mitandao ya kijamii, kwa hiyo msimamizi anayemnyamazisha muuza madera huenda anamkinga na balaa kubwa kuliko kunyamazishwa, na ni wajibu wake amweleze hivyo badala ya kumfuta kimyakimya kama mtu aliyekosa adabu.

Na bado hukumu ya makundi mengi haiko sawa. Sheria ikiandikwa kwa maneno matatu, hakuna kuweka matangazo, humnasa yule tu anayesema kweli. Anayeandika kwamba ana sambusa, bei ni hii, piga namba hii, hutolewa kabla mafuta hayajapoa, kwa kuwa amejieleza. Lakini mpishi mwenye wafuasi wengi, ambaye amepewa sufuria bure na kampuni, huweka picha ya pilau, husimulia jinsi mama yake alivyokuwa akipika kwa kuni, na katika sentensi ya mwisho hutaja kwamba sufuria hii haiunguzi kabisa, naye hupongezwa na kundi zima, akiwemo admini. Wa kwanza alinadi kama dalali wa al-Zal, dele mkononi na bei mdomoni. Wa pili aliimba mtandio mweusi. Makundi yamejifunza kumwogopa wa kwanza kwa sababu anapiga kelele, na kelele huonekana upesi, ilhali wa pili ndiye anayeyaharibu maneno ya baraza, maana baada yake hata kumbukumbu ya mama na kuni haitasomwa tena bila shaka moyoni.

Namna ya kuwaweka wauzaji bila kuwafukuza haihitaji kubuniwa upya. Klabu ya Kozi ya Saudia, iliyoanzishwa mwaka 2017, huendesha mnada wa ndege huko Malham, kaskazini mwa Riyadh, na huendesha mashindano ya kuwarusha, kila kimoja kwa wakati wake, hivyo anayekwenda mnadani anajua amekwenda mnadani. Haraj, soko la mtandaoni la Wasaudia lililochukua jina la ule mnada wa zamani, kwa miaka mingi limemtaka muuzaji aape kwamba atalipa kamisheni ya 1% ya bei akishauza, na kwamba deni hilo ni amana shingoni mwake, ingawa wenye soko hawana njia ya kujua gari limeuzwa kwa kiasi gani. Wapo wanaovunja kiapo, bila shaka. Lakini kiapo kinamfanya muuzaji atamke yeye ni nani kabla ya kutamka anauza nini, na jambo hilo halimgharimu admini wa kundi dogo hata senti moja: siku moja ya wiki iwe ya mnada, kila anayenadi aseme kwamba kitu ni chake au kwamba amelipwa kukisifu, na siku nyingine zote anayeulizwa kama ana maslahi katika anachokisema ajibu bila kukasirika.

Wasimamizi wa makundi haya, wa Riyadh na Jeddah na hata wa Mombasa na Dar es Salaam, wanaombwa basi jambo moja: kabla ya kumtoa muuza sambusa, wazisome upya sifa zilizoandikwa wiki hiyo na wanachama wanaoheshimiwa kuliko wote, na wamuulize kila mmoja wao, mbele ya kundi, kama amelipwa.